Banda la kuku, uji wa farasi: shajara ya mradi wa uani

Mwanzo

Uani kuna kuku wa mayai 12 na farasi wawili waliostaafu. Zabibu ni jike wa miaka 27. Luteni ni dume aliyehasiwa, ana miaka 24, ila habari za kustaafu bado hazijamfikia. Kuku walihamia zizi la farasi kwa hiari yao: mmoja aligundua boriti, wenzake wakamfuata, na kabla msimu haujaisha hori lilikuwa kiota na mgongo wa Zabibu ulikuwa choo. Mradi ni kuwajengea kuku banda lao, kutenganisha vyakula, kisha kuwaachia wanyama wote uwanja mmoja mchana kama walivyozoea.

Kuwatenganisha kabisa sitaki. Kuku hula mabuu ya nzi kwa bidii ambayo sijaona mtego ukiifikia, na Zabibu hutulia zaidi wakiwa miguuni pake. Lakini wanaosema kuku humaliza minyoo ya farasi wanatia chumvi. Kuku akichakura samadi uwanjani huitawanya, na mabuu ya minyoo yaliyomo hutawanyika nayo juu ya nyasi ambazo farasi angezikwepa. Samadi inazolewa kwa koleo na toroli. Kuku wanabaki na kazi ya nzi.

Jumatatu: pipa kabla ya msumari

Nimeanza na chakula, kwa sababu chakula cha kuku kikikaa mahali farasi anapofikisha mdomo, banda zuri kiasi gani halitasaidia kitu.

Hatari kubwa ni dawa za kuzuia kuhara damu, zile za kundi la ionofora: monensini, lasalosidi, salinomaisini. Mara nyingi huchanganywa katika chakula cha vifaranga na cha kuku wanaokua. Kuku huzivumilia, farasi hawezi. Kiasi cha monensini kinachoua nusu ya kuku waliopewa ni kama miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa farasi ni miligramu 2 hadi 3 tu. Dawa hiyo huharibu misuli ya moyo, na hakuna dawa ya kuitengua. Farasi anayenusurika anaweza kubaki na makovu moyoni, akaja kuanguka siku ambayo kila mtu amekwisha kusahau.

Chakula cha kuku wanaotaga kwa kawaida hakiwekwi dawa hizo. Ila mashine iliyochanganya mfuko wa vifaranga asubuhi ndiyo inayochanganya wa watagaji jioni, kwa hiyo hilo "kwa kawaida" silitegemei. Tena hata kisipokuwa na chembe ya dawa, ni nafaka tupu. Farasi akifungua pipa na kula atakavyo, wanga unaopita bila kumeng'enywa huenda kuchachia katika utumbo mpana, na kinachofuata ni msokoto wa tumbo au laminitisi, yaani uvimbe wa tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato. Kwa farasi wa miaka 27, lolote kati ya hayo linaweza kuwa la mwisho.

Basi pipa ni la chuma, kifuniko kinabanwa kwa kufuli, na linakaa stoo, si zizini. Kopo na ndoo za kuku ni nyekundu, za farasi ni za bluu. Mpwa wangu, anayenisaidia zamu za jioni, alizitazama akacheka: "Mjomba, hata ndoo nazo zina sare?" Zina sare. Na ya bluu ikiingia kwa kuku haitoki tena bila kuoshwa.

Jumatano: mlango

Banda limesimama. Fito za kulalia zina urefu wa meta 3, yaani sentimita 25 kwa kila kuku, na viota ni vitatu. Viota vitatu kwa kuku 12 vinatosha kabisa, ingawa najua wote watataka kimoja.

Tundu la kuingilia ni sentimita 30 kwa 35. Kichwa kizima cha farasi hakipiti hapo, lakini pua na mdomo vinapita, na mdomo wa farasi una akili zake. Chombo cha chakula kimewekwa ukuta wa mbali, na ubao umesimamishwa katikati ili asiyekuwa kuku asipate hata kunusa vizuri.

Mlango wangu mimi ndio uliosumbua. Komeo la kusukuma Luteni hulifungua kwa mdomo wa juu, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Sasa kuna makomeo mawili: la juu ambalo anaruhusiwa kulichezea, na la chini, karibu na ardhi, lenye pini. Amelichezea la juu jioni nzima.

Ijumaa usiku: utitiri

Zabibu amekuwa akijikuna shingo kwenye nguzo hadi nywele zimekatika, na mchana ngozi haionyeshi mdudu yeyote. Hilo la mchana ndilo lililonitia shaka. Nilikwenda na tochi usiku, nikapitisha kitambaa cheupe chini ya boriti waliyokuwa wakilala kuku. Kilitoka na michirizi myekundu.

Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa mchana, usiku hutoka kunyonya damu. Kuku ndio anaowapenda, lakini akiwakosa humpanda farasi. Kwenye joto, kizazi kimoja hukamilika kwa siku 7 hadi 10, na utitiri aliyeshiba huweza kukaa miezi mingi bila kula tena. Kwa hiyo kuwahamisha kuku na kumwachia Zabibu boriti ile kungekuwa kumwongezea mzigo: mdudu angebaki na njaa, na farasi angebaki peke yake.

Boriti imemwagiwa maji yanayochemka, imesuguliwa, na nyufa zimejazwa unga wa silika. Kazi hiyo inarudiwa baada ya wiki, maana mayai ya utitiri yaliyo ndani kabisa ya nyufa maji yangu hayayafikii. Katika banda jipya fito zinachomoka zote, na miguu ya kichanja imesimama ndani ya makopo yenye mafuta kidogo. Utitiri anayetaka kupanda itabidi aogelee.

Jumapili: wote kwa Zabibu

Kuku wana ratiba yao wakati farasi wanakula nyasi kavu. Nusu husimama kwa Luteni, nusu kwa Zabibu, wakiokota mbegu na majani yanayodondoka. Siku hizi Luteni amebaki peke yake. Kuku wote wamejipanga chini ya Zabibu, na Karani, yule wa kijivu anayesimamia kila shughuli isiyomhusu, anasimama chini ya kidevu kabisa, shingo imenyooka, jicho moja limekazwa kwenye mdomo wa chini wa farasi. Kitu kikidondoka hakifiki ardhini.

Nilimsogeza nikaokota kilichowahi kudondoka. Kilikuwa kibonge kirefu cha nyasi, kimelowa mate, kimesokotwa vizuri, lakini nyuzi zake ni nzima. Amezivingirisha tu bila kuzisaga. Nikaenda kwenye samadi yake: mabua marefu ndani yake pia, urefu wa kiungo cha kidole. Nikapitisha kiganja ubavuni, maana manyoya humficha farasi aliyekonda, nikazihesabu mbavu bila kukandamiza.

Mkanda umesema sentimita 178 kuzunguka kifua. Urefu wa mwili ni 160. Mzunguko kwa mzunguko, mara urefu, gawanya kwa 11,880: kilo 427. Mwanzo wa msimu mzunguko ulikuwa 183, yaani kilo 451. Mkanda huweza kukosea sana uzito wenyewe, ila hukosea kwa namna ileile kila mara, kwa hiyo tofauti ya kilo 24 naiamini. Daktari ameitwa.

Daktari wa mifugo

Gego moja la chini lilikuwa linacheza. Limetoka karibu bila kuvutwa. La juu lililokuwa likikutana nalo limerefuka, kwa kuwa halikuwa na mwenzake imara wa kulisaga.

Jino la farasi huota kutoka kwenye taya kwa milimita 2 hadi 3 kila mwaka, na hulika kwa kiasi hichohicho. Akiba iliyofichwa ndani ya taya ikiisha, ndiyo imeisha. Ndiyo sababu daktari alipiga tupa kidogo sana, ncha tu zilizokuwa zikikata shavu. Kumsawazishia meno yote mzee kama huyu ni kumnyang'anya hata yale machache yaliyobaki.

"Ndugu yangu," aliniambia akikunja mikono ya shati, "nyasi ndefu sasa ni za kumchezesha mdomo. Chakula chake kiwe cha kunywa."

Kisha akamtazama Luteni, ambaye hakuwa mgonjwa kwa maoni yake mwenyewe. Manyoya marefu yaliyojikunja, hayadondoki msimu ukibadilika. Ndoo ya maji inaisha mapema. Sehemu za juu ya macho zimevimba mafuta. Damu ikachukuliwa kupima homoni ya ACTH. Majibu yakathibitisha ugonjwa wa Cushing, ule wa tezi ya pituitari, unaowapata farasi wazee wengi. Atakuwa anameza pergolidi kila siku maisha yake yote. Ugonjwa huo huleta laminitisi, kwa hiyo suala la pipa na komeo la pili limekuwa zito kuliko nilivyopanga.

Uji

Farasi wa kilo 427 anahitaji chakula kikavu cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.4 hadi 8.5. Chote hicho sasa ni vidonge vya nyasi zilizosagwa, vilivyolowekwa hadi vikawa uji mzito, na kugawanywa mara nne: alfajiri, adhuhuri, alasiri, na kabla ya kulala. Mtu akisikia hivyo hudhani ni kazi ya kumwaga maji tu. Kazi ni kungoja. Kidonge kilicholainika nje na kubaki kigumu ndani kinaweza kuziba umio, farasi akaanza kunyoosha shingo, kukohoa, na kutoa povu lenye chakula puani. Naminya kidonge kwa vidole viwili. Nikihisi kokwa, ndoo inarudi kivulini. Wakati wa joto uji ukikaa sana huchacha, kwa hiyo siloweki wa siku nzima.

Kuku waliupenda uji kuliko Zabibu. Walipanda ukingo wa ndoo, wakaingia ndani na miguu yao, na farasi ambaye anakula polepole hana ubavu wa kushindana na kuku 12. Miguu ya kuku imetoka kwenye kinyesi, na salmonela si kitu cha kumtilia mzee kwenye chakula. Nimefunga wavu nusu ya chini ya mlango wa zizi. Zabibu anakula akiwa ndani, kwa utulivu, na kuku wanasimama nje. Akimaliza naondoa ndoo, ndipo wanaruhusiwa kusafisha sakafu.

Halafu mayai yakaanza kutoka na ganda laini. Nilidhani ni chokaa imeisha, kumbe chombo cha chokaa kimejaa. Kuku walikuwa wanashiba nyasi. Chakula cha watagaji hupangwa kiwe na protini kama asilimia 16 na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, kwa sababu ganda moja la yai hubeba gramu 2 hivi za kalsiamu. Kuku aliyejaza tumbo kwa makombo ya farasi hali chake cha kutosha, na mfupa wake ndio unaotoa mkopo. Sasa hawafunguliwi kwenda kwa farasi hadi asubuhi imesogea, wakiwa wamekula chao na wengi wametaga. Ganda limerudi kuwa gumu, na faida ya pili ni kwamba horini hakuna mayai tena.

Kidonge cha Luteni

Pergolidi ni kidonge kidogo, na Luteni hula kila kilichokizunguka, kisha hukitema kikavu. Leo alikitema mbele ya kuku mwekundu, naye kuku akakimeza. Daktari alisema tumwangalie na tusile mayai yake hadi atakapotuambia. Kwa bahati huyo hutaga mayai ya kahawia iliyokoza, hayachanganyiki na ya wenzake.

Utaratibu mpya: kidonge kinatolewa alfajiri kuku wakiwa bado wamefungiwa, ndani ya kipande cha uji wa Zabibu, mkononi, na sisogei hadi nimetazama chini ya ulimi. Dawa ya minyoo vilevile. Sehemu kubwa ya aivamektini hutoka na samadi, kwa hiyo farasi akipewa, kuku hawagusi samadi yake, inazolewa na kupelekwa mbali. Sitoi dawa hiyo kwa kalenda, natoa pale mayai ya minyoo yakihesabiwa kwenye kinyesi na kuonekana mengi.

Kulala

Luteni ana michubuko mbele ya vifundo vya miguu ya mbele. Hapigani na mtu, na ukuta haumfikii hapo. Mpwa wangu ndiye aliyeona: mchana, amesimama, kichwa kinashuka, magoti yanakunjika ghafla, anashtuka. Farasi husinzia akisimama, lakini usingizi mzito kabisa anaupata akilala chini tu, na mwenye viungo vinavyouma huogopa kulala kwa sababu ya kuamka. Usingizi ukimzidi huanguka.

Matandiko ya zizi nilikuwa nayaweka ya kutosha. Kuku ndio waliokuwa wakiyachakura mchana kutwa, wakayarundika kandokando na kuacha katikati pamebaki sakafu. Wavu wa mlangoni ulioletwa na uji umekuja kutatua na hili: kuku hawaingii tena upande wa Luteni, wa Zabibu wanasafisha na kutolewa. Nimeongeza maranda hadi yanazamisha buti. Asubuhi hii Luteni ana maranda ubavuni na mengine yamenasa kwenye ayali. Amelala. Simpigi brashi hadi mpwa wangu aje aone.

Manyoya

Kuku watano wananyonyoka, kuanzia kichwani na shingoni, na uwanja umejaa manyoya. Mayai yamepungua na yatapungua zaidi. Kipindi hiki huchukua wiki 8 hadi 12, na kuku hawezi kujenga unyoya, ambao karibu wote ni protini, na kutaga kwa wakati mmoja. Luteni anawatazama. Yeye hata unywele hautoki, nimemnyoa kwa mashine.

Samadi

Farasi mmoja hutoa kilo 20 na ushei kwa siku. Wawili kwa mwaka ni zaidi ya tani 14, na mtu asiyekuwa na mpango na samadi hana mpango na farasi. Ya uwanjani inazolewa mara mbili kwa wiki angalau, kwa kuwa nzi wa kawaida kwenye joto hutoka yai hadi mzima kwa siku 7 hadi 10, na anayepelekwa kwenye lundo la moto katikati hafiki mwisho.

Lundo linapenda mchanganyiko. Samadi ya farasi yenye maranda ina kaboni nyingi, kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi, na vikikutana vikiwa na unyevu wa kutosha, ndani hufika nyuzi 55 hadi 65. Mpwa wangu alichomeka fimbo ya chuma, akaigusa ilipotoka, akaiachia.

Mboji inaenda bustanini tu. Takataka za banda la kuku hazimwagwi malishoni hata mara moja: mzoga wa panya au kifaranga ukiwa ndani yake unaweza kuleta sumu ya botulizimu, na farasi ni mwepesi sana kuipata.

Jumamosi

Zabibu: mzunguko 180, kilo 436. Mbavu bado zinahesabika, ila lazima nikandamize. Shingo imeota vinywele vifupi pale alipojikuna. Kitambaa cheupe, kupitishwa kwenye boriti usiku, kimetoka cheupe na vumbi.

Kuku: mayai machache, maganda mazuri, hakuna aliyelala zizini. Viota vitatu, wanagombania cha kushoto. Mwekundu hana dalili yoyote, na daktari ameruhusu mayai yake.

Nyasi za asubuhi zilipowekwa, Karani na wenzake wawili walikwenda kusimama chini ya Luteni, na hawakuondoka hata baada ya mbegu kwisha. Nimeokota vilivyodondoka. Si vibonge, ni majani tu, mafupi, yaliyokatika. Hata hivyo daktari anakuja kurudia kipimo cha ACTH, atafungua na mdomo huo.

Kilichobaki: mfereji wa paa la banda, maana mvua inadondokea mlangoni, na ndoano ya kutundikia kamba za marobota, kwa kuwa leo tena nimemkuta kuku amefungwa nazo miguu yote miwili, akiruka-ruka kuelekea kwenye chakula.